Pole Iliyoniponza

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na sitajifanya nimetulia. Nikisikia mtu anasema yaliyopita si ndwele, hutaka kumuuliza: ndwele ya nani? La kwangu limepita miaka na miaka na bado linaniuma, na lilianza kwa neno la herufi nne ambalo kila Mswahili hulitamka mara kumi kabla jua halijatua. Pole.

Kwetu Tanga hatuligawi kwa kipimo. Mtu akijikwaa, pole. Akitoka shamba, pole na kazi. Akinyeshewa, akipata mafua, akivunja sahani yake mwenyewe kwa uzembe wake mwenyewe, anapewa pole na anajibu "nishapoa," hata kama damu bado inamchuruzika doleni. Hakuna anayeuliza nani kakosa. Unamwambia mwenzio kwamba umemwona anaumia, basi, kila mtu anaendelea na njia yake. Neno hilo nilikwenda nalo Doha pamoja na viatu vya mazoezi na cheti cha mafunzo ya ulinzi.

Nilifika katikati ya miaka ya elfu mbili. Kampuni iliyonileta ilinipeleka West Bay kulinda mlango wa mnara wa ofisi, enzi hizo ambapo minara mingi pale ilikuwa bado zege tupu na winchi juu yake. Kazi yangu ilikuwa kusimama. Ukiwa na urefu wa mita mbili kasoro vidole viwili, watu wanadhani ulizaliwa ili usimame mlangoni. Nilikuwa nimecheza mpira wa kikapu tangu sekondari, Tanga kisha Dar es Salaam, na malipo yangu makubwa kabisa yalikuwa soda na nauli ya kurudia nyumbani.

Tulikaa Al Mansoura, wanne chumba kimoja, juu ya kinyozi: mimi, Watanzania wawili madereva, na Mkenya wa Nakuru aliyekuwa nesi kwenye kliniki ya binafsi. Nesi ndiye aliyenitoa kitandani. Ijumaa asubuhi Wafilipino walikuwa wakicheza kikapu kwenye kiwanja cha sementi nyuma ya maegesho ya magari, na walikuwa wanahitaji mtu mrefu.

"Buda, na urefu wote huo unalala tu Ijumaa?" akaniambia. "Hebu amka twende."

Ijumaa ya tano au ya sita akaja mzungu mmoja wa makamo, amevaa kaptula, akasimama pembeni anakunywa karaki, chai yao ya maziwa na hiliki, kwenye kikombe cha karatasi. Kumbe ni kocha wa klabu moja ya pale mjini. Klabu ilikuwa na nafasi ya mchezaji mmoja kutoka nje, na aliyekuwa nayo alikuwa ameumia mgongo akarudi kwao. Nikafanyiwa majaribio wiki mbili, kisha kampuni yangu ikakubali kuniazima kwa klabu mpaka msimu uishe. Kwa Waswahili wote tuliojuana pale Doha, sikumsikia mwingine aliyewahi kulipwa kwa kazi hiyo kabla yangu. Nikampigia mama.

"Unalipwa kwa kudunda mpira? Mtu mzima na ndevu zako?"

"Ndiyo, mama."

"Basi nyamaza kimya. Wasije wakajua ungedunda hata bure."

Na kweli ningedunda hata bure. Sijui nieleze vipi furaha ile bila kuonekana mpumbavu. Ukumbi una kiyoyozi, sakafu ya mbao inalia chini ya viatu, na jezi yako inafuliwa na mtu mwingine. Nilipewa namba kumi na tano, na kwa kuwa hakuna aliyejisumbua kulijua jina langu, wakaniita hivyo hivyo kwa Kiarabu: Khamsatashar. Kazi yangu ilikuwa chini ya kikapu. Mpira ukikosa nyavu ukarudi, ni wangu. Mechi ya tatu niliokota mipira mingi kuliko timu nzima ya upande wa pili, na kule juu jukwaani walikuwepo Waswahili kama ishirini, walinzi, madereva na madada wa majumbani waliopewa ruhusa, wanapiga kelele, "Mnyime! Mnyime huyo!" Nesi alikuwa ameshika shuka ameandika kwa wino KUMI NA TANO. Siku ile nilijihisi mtu, wallahi.

Msimu ukiwa unakaribia kwisha, kocha akanionyesha karatasi. Ulikuwa mkataba wa miaka miwili, na safari hii ningekuwa mchezaji wa klabu moja kwa moja, siyo mlinzi wa kuazimwa. Ulishapigwa chapa na kilichobaki ni sahihi ya meneja tu. Jumapili, akasema kocha, meneja atasaini Jumapili. Sikuwa nimewahi kutaka kitu duniani kama nilivyoitaka sahihi ile.

Kuna watu watatu lazima niwataje hapa. Wa kwanza ni dereva wa basi la timu, Mzanzibari mtu mzima, aliyekaa Uarabuni miaka thelathini. Tulimwita Ami. Wiki yangu ya kwanza nilimkanyaga mtu nikipanda basi, nikamuuliza, "Ami, pole kwa Kiarabu wanasemaje?" Naye, huku anageuza usukani, akanijibu, "Sema asif." Nikalishika. Tangu siku hiyo pole zangu zote, za mafua, za kazi, za kufungwa mechi, zikawa asif. Wenzangu walikuwa wakicheka, nikadhani wanaicheka lafudhi yangu.

Wa pili ni kapteni wa timu, mzawa, pivoti wa chini ya kikapu kama mimi, mwenye umri uliokwisha kumkimbia na magoti yaliyochoka. Wa tatu ni Namba Saba, mtoto wa baba mdogo wa kapteni, rika langu, aliyekuwa akiruka mpaka unajiuliza atashuka lini. Namba Saba ndiye pekee aliyekaa kiti kimoja nami kwenye basi. Siku moja alinichukua hadi shamba lao Umm Salal, tukala tende na mkate pamoja na baba yake, akanionyesha goli la kikapu alilotundikiwa utotoni kwenye ukuta wa banda la mbuzi. Nilikuwa najua ni rafiki yangu. Bado nasema alikuwa rafiki yangu, na hapo ndipo hasira inaponipanda.

Ilikuwa Alhamisi, mazoezi ya alasiri. Kocha alikuwa pembeni anabishana na mtu kwenye simu. Mpira ukapigwa, ukagonga chuma, ukarudi. Namba Saba akaruka mbele ya kapteni na kumpokonya juu kwa juu, kama alivyokuwa amemfanyia mara tatu alasiri ile, na wachezaji wengine wakashangilia. Nilikuwa hatua mbili pembeni. Nilimwona kapteni anamsukuma kiuno kwa nyonga yake akiwa bado angani. Ilikuwa hasira ya mtu mzima aliyeaibishwa, sidhani alidhamiria kuvunja. Namba Saba akashukia mguu mmoja, goti likaingia ndani, nikasikia mlio ambao sitauelezea.

Kapteni akageuka akatembea kuelekea chupa za maji.

Mimi nikapiga magoti. Nikamshika kichwa Namba Saba kisigonge sakafu, na kinywa changu kikafanya kile kilichofundishwa na mama yangu na bibi yangu na mtaa mzima. "Asif, asif, akhi. Sorry. Asif." Nilisema mara nne, mara tano. Alikuwa anapiga kelele, nami namwambia asif. Timu yote ikaja ikatuzunguka. Kocha akakimbia, simu bado mkononi. Wote wakamkuta mtu mmoja sakafuni anaumia, na mwingine juu yake anaomba msamaha.

Kesho yake nikaitwa ofisini kwa meneja. Alikuwepo kapteni, kocha, na Ami wa kutafsiri. Viti vyenyewe vilikuwa vya chini, magoti yangu yakawa karibu na kidevu.

"Anauliza, ulisema asif?" Ami akaniambia.

"Nilisema."

"Anauliza, kama hukumgusa, uliomba msamaha wa nini?"

"Sikuomba msamaha. Mwambie nilimpa pole."

Nikamwona Ami anatafuta neno, mtu aliyekula na kulala na Kiarabu miaka thelathini. Akaanza kueleza kirefu, kwa mikono, nikamsikia anataja njia, anataja jiwe, anashika kidole chake cha mguu. Meneja alisikiliza kwa adabu. Sitamsingizia, adabu alikuwa nayo. Kisha akauliza swali ambalo Ami alinitafsiria huku anatazama zulia.

"Anauliza, kwenu mtu akijikwaa kwenye jiwe, anayeomba msamaha ni wewe au ni jiwe?"

Kapteni akacheka. Laiti asingecheka! Nilisimama, na mimi nikisimama kwenye chumba kidogo inakuwa kama ugomvi umeshaanza, nikamnyooshea kidole. "Huyu! Ni huyu hapa! Alimsukuma mtoto wa baba yake mdogo akiwa angani, nimeona kwa macho yangu. Mimi nikicheza faulo hunyoosha mkono, muulizeni kocha, muulizeni refa yeyote. Nani aliuona mkono wangu juu jana?"

Ilikuwa kweli. Huko tulikojifunzia, bila refa wala filimbi, aliyemchezea mwenzake faulo alikuwa akinyoosha mkono mwenyewe, na mimi nilikuwa nao ugonjwa huo hadi kwenye ligi. Kocha akajikuna shingo. Alijua. Lakini na yeye alikuwa mgeni, na mkataba wake pia ulikuwa unasubiri sahihi.

"Anasema," Ami akanong'ona, "jana ulikiri, leo unamshitaki mwingine. Akuamini yupi kati ya wewe wawili?"

Meneja akasema atasubiri kauli ya Namba Saba mwenyewe. Kauli ikaja jioni kwa simu kutoka hospitali: nilikuwa hewani, sikuona. Sikuona! Mtu anajua nyonga iliyomgonga kiunoni imetoka upande gani, tena nyonga aliyoizoea tangu utotoni.

Tukiwa ndani ya basi tupu, Ami akaegemea usukani. "Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi," akasema. "Nami ndiye niliyekupa ulimi wenyewe. Mtu akiumia, huku wanamwambia salamat. Asif ni ya mkosaji."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza siku umemkanyaga mtu mguu! Siku ile ulikuwa mkosaji."

Nikamwangalia, nikataka kumfokea, nikashuka nikaenda zangu. Chumbani nesi alinisikiliza hadi mwisho, akapuliza pumzi. "Umejichoma, bro," akasema. "Lakini huyo msee wa goti anajua ukweli. Enda umwone uso kwa uso. Mtu akiwa kitandani hawezi kukudanganya ukimwangalia." Ami naye akashauri hivyo hivyo. Jumamosi nikanunua machungwa, tukaenda.

Nilikwenda na tumaini moja tu, kwamba akiniona ataona haya, na akiona haya atasema. Chumba kilikuwa kimejaa wanaume wa ukoo wake, kanzu nyeupe ukuta hadi ukuta, birika la kahawa ya hiliki mezani. Kapteni alikuwepo, amekaa karibu kabisa na mto wa mgonjwa. Namba Saba alikuwa amelala mguu umefungwa vyuma. Nikasema salamat, neno langu jipya, na lilitoka limechelewa siku mbili.

Baba yake akasimama. Ni yule yule mzee aliyenikatia mkate Umm Salal. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akazungumza polepole ili wote wasikie, na macho yake yalikuwa na machozi.

"Anasema," Ami akasema, na sauti yake ilikuwa imekauka, "amekusamehe. Anasema mpira ni mpira, wewe ni mgeni wao na ulikula chumvi yao, na yeye na mwanawe hawana neno na wewe, leo na kesho Akhera."

Chumba kizima kikanung'unika kwa kuridhika. Mtu mmoja akaniwekea kikombe cha kahawa mkononi.

"Ami, mwambie siwezi kusamehewa, sikufanya."

"Mwanangu," Ami akaninong'oneza kwa Kiswahili huku anatabasamu kwa ajili ya watu, "mzee wa watu amekunyooshea mkono mbele ya ukoo wake. Ukiukataa umemtukana, na jambo hili likitoka humu litakwenda polisi. Una kibali cha kuazimwa. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Sema shukran."

Nilimtazama Namba Saba. Nilimtazama muda mrefu, mpaka wote wakaona namtazama. Alikuwa ameshika chungwa langu moja, analizungusha. Kisha akageuza uso dirishani.

"Shukran," nikasema, nikanywa kahawa yao.

Hivyo ndivyo nilivyosamehewa kosa lisilo langu na kushukuru juu yake. Jumapili sahihi haikupigwa. Meneja alisema, kwa adabu ile ile, kwamba familia imesamehe lakini klabu haiwezi kumweka mtu aliyemvunja mchezaji wao. Niliikunja jezi nikaiacha kwenye benchi. Miezi minne, mechi kumi na moja. Jumanne nilikuwa nimesimama mlangoni West Bay, na waliopita wakanisifu urefu.

Sikugusa mpira tena. Wafilipino waliniita Ijumaa mbili tatu, wakachoka. Kingine nilichoacha, bila kujua mwanzoni, ni lile neno. Mtu akikohoa mbele yangu nilinyamaza. Dereva mwenzetu alipogongwa gari lake nikamuuliza tu kama bima ipo. Mama aliniambia kwenye simu kwamba amelala siku tatu na homa, nikasema, "Umekunywa dawa?" Akasema, "Mwanangu, huko umekuwa Mzungu?" Nikacheka. Lakini nilikuwa na hasira na neno lenyewe, kama mtu anavyokasirikia mbwa aliyemlea mwenyewe akamuuma.

Miaka ilikwenda hivyo. Nesi akafiwa na baba yake. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, simu mkononi, amevaa sare ya kazi, kiatu kimoja. Wale madereva wawili wakamkumbatia, pole ndugu, pole sana, Mungu ampumzishe. Macho yake yakanitafuta mimi. Yeye ndiye aliyenitoa kitandani Ijumaa ile, yeye ndiye aliyeniandikia shuka. Neno likaja hadi kwenye meno.

"Nimesikia," nikasema.

"Umesikia?" akaniuliza. "Baba yangu amekufa, na wewe umesikia?"

"Ndiyo."

"Aki wewe ni mtu wa aina gani?"

Nikatoka nikaenda kusimama kwenye ngazi. Mungu ananiona, niliona haya, lakini sikurudi. Alikwenda kuzika, akarudi, akamaliza mkataba wake bila kunichangamkia tena, na baadaye akahamia kwao Nakuru moja kwa moja. Siku ya kuondoka aliaga chumba kizima kwa mkono. Wangu aliushika haraka haraka.

Miaka minne baada ya msiba ule, nikiwa nimeshakuwa supavaiza wa walinzi kwenye mnara ule ule, mlinzi wangu mmoja Mnepali alikwenda kunywa chai, nikakaa mezani kwake kuandikisha wageni. Ilikuwa asubuhi, saa nne hivi. Mtu akaweka bataka yake, kitambulisho cha huko, mbele yangu ili nimpe kadi ya mgeni. Nikaona mkono kwanza. Mkono ule nilikuwa nimeupasia mipira.

Nikainua macho. Alikuwa amenenepa, ndevu zimeanza mvi, na alipohama mguu mmoja kwenda mwingine aliuvuta ule wa kulia.

"Khamsatashar?" akasema.

Nikasimama. Kazi yangu ni kusimama.

Hakunipa mkono. Aliangalia huku na huku, ukumbi ulikuwa mtupu. Kiarabu changu sasa kilikuwa cha miaka mingi, sikuhitaji Ami. Akaniambia, "Haikuwa wewe. Nilijua siku ile ile."

"Kwa nini hukusema?"

"Ni damu yangu. Na baba alikuwa mgonjwa wa moyo, ukoo ungegawanyika." Akaisogeza bataka yake mezani. "Halafu wewe ukasema asif. Nikaona Mungu ametupa njia."

Njia! Maisha yangu yalikuwa njia yao. Nilishika ukingo wa meza kwa mikono miwili, maana niliogopa mikono yangu.

Akaweka kiganja kifuani. "Ana asif," akasema. Mimi, asif.

Sikia, nilikuwa naijua tofauti. Kama angetaka kunipa pole, neno lake lipo, salamat, neno hilo nililinunua ghali. Yeye alisema lile la mkosaji, na alilisema akijua. Hilo ndilo nililokuwa nikilisubiri tangu chumba kile cha hospitali. Na unajua ulimi wangu ulifanya nini? Ulijiandaa kujibu kama ulivyolelewa. Nishapoa. Lilikuwa limeshafika mdomoni, nikaling'ata.

"Sijapoa," nikasema kwa Kiswahili.

Hakuelewa. Aliona midomo imetamka neno fupi kwa sauti ya chini, akalifanya alivyotaka liwe. Uso ukamfunguka, pumzi ikamtoka, macho yakalowa kama ya baba yake. "Shukran," akasema, "shukran, akhi, Mungu akulipe," akachukua kadi ya mgeni akaenda kwenye lifti anauvuta mguu wake, mwepesi, mtu aliyesamehewa.

Ningeweza kumwacha. Kuna wanaojua kuacha. Lakini mara moja tayari nilikuwa nimewaachia watu neno langu walitafsiri wanavyopenda, na nikalipa mimi. Nikazunguka meza, nikaweka mkono kwenye mlango wa lifti uliokuwa unafungwa.

"Umenielewa vibaya," nikamwambia kwa Kiarabu chake, neno moja moja. "Sikusema nimekusamehe. Nimesema haijapona. Bado."

Shukran ile ikamfia usoni. Alinitazama, na safari hii hakugeukia dirisha, wala lifti haina dirisha. Akainamisha kichwa.

"Haggak," akasema. Haki yako.

Nikaondoa mkono. Mlango ukajifunga. Yule Mnepali akarudi na chai yake akaniuliza kama kuna tatizo, nikamwambia hakuna, nikaandika saa kwenye daftari la wageni.

Nilipotoka zamu alasiri, nilikaa kwenye ukuta wa maegesho nikatafuta namba ya Nakuru. Kumbe nilikuwa bado ninayo. Ikaita sana.

"Nani?"

"Mimi. Kumi na Tano."

Nyuma yake nikasikia watoto na redio.

"Sema," akasema.

"Pole na msiba wa mzee."

"Mzee yupi? Wa kwangu?" Akacheka, cheko la mtu asiyeona cha kuchekesha. "Bro, hiyo ni miaka minne sasa."

"Najua."

"Na mbona leo?"

"Nilikuwa sijapoa."

Redio kule ikazimwa.

"Na saa hii umepoa?" akaniuliza.

"Bado," nikamwambia. "Lakini pole."